Makamanda, Hili la Ukeketaji Tunaliogopea Nini?

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya vijana wa chama hapa Arusha. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Nimepunguza matani na kuongeza vifungu vya sheria, maana siku ile sikuwa na karatasi mkononi. Mengine nimeyaacha kama yalivyotoka.)

Najua mmetoka kula na usingizi unanyemelea, kwa hiyo sitawachosha. Ratiba yenu inasema mada yangu ni "Mawasiliano na jamii zenye mila tofauti". Mimi niliomba mada ya ukeketaji. Kamanda aliyeandaa ratiba akanipigia simu, akaniambia, "Dada, tuiweke kwa lugha nzuri, kutakuwa na wazee ukumbini." Nikacheka, maana mada yenyewe ilikuwa imeshaanza palepale kwenye simu.

Naona wengine mmeinamia simu zenu. Hata mimi naona aibu, tuko pamoja. Ila tuongee.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Krismasi ya mwaka wangu wa kwanza chuoni nilirudi nyumbani, upande wa Oldonyo Sambu. Baba yangu ni Mwarusha, mama ni Mmeru, kwa hiyo siku za sikukuu nyumba inajaa pande zote mbili. Tulikuwa wanawake watupu jikoni, tunamenya ndizi za machalari. Dada yangu mmoja, mtoto wa baba mdogo, alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza, na mama mkwe wake alikuwepo. Mimi nimetoka chuo na Kanuni ya Adhabu bado inanukia kichwani. Nikasimama, kisu cha ndizi mkononi, nikawaambia: ukeketaji ni kosa la jinai, kifungu cha 169A, mtu anafungwa miaka kumi na tano, mtoto akizaliwa wa kike asiguswe.

Hakuna aliyenibishia. Koko, yaani bibi yangu, aliinuka akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa hawajarudi malishoni. Mama mkwe akaniuliza kama chuoni tunapewa chakula cha kutosha. Dada yangu aliendelea kumenya ndizi ileile ambayo ilikuwa imeshamenywa.

Mtoto alizaliwa Machi, wa kike. Nilipomuulizia nikaambiwa ana homa kidogo, anaendelea vizuri. Ulipita mwaka mzima ndipo binamu mwingine aliponiambia kwamba ile haikuwa homa. Alikeketwa akiwa na wiki chache tu.

Mtaniuliza, kamanda, wewe ni mwanasheria mtarajiwa, mbona hukuripoti? Namba 116 ya kusaidia watoto ninayo, ni bure. Dawati la Jinsia na Watoto polisi nalijua lilipo. Sikupiga na sikwenda. Ningepiga, wa kwanza kukamatwa angekuwa dada yangu, kwa sababu kifungu kinamtaja mtu yeyote mwenye malezi au uangalizi wa mtoto, na yeye alikuwa na mtoto mgongoni. Sijasema nilifanya sawa. Nasema nilivyofanya. Na ile hotuba yangu ya jikoni haikuzuia kitu. Iliwafundisha jambo moja tu, kwamba mimi ni mtu wa kufichwa.

Nilikaa muda mrefu nikilaumu "mila potofu". Siku moja nilikuwa napukuchua mahindi na koko, tuko wawili tu, nikamuuliza kwa nini aliondoka siku ile. Akanijibu, "Ulisema neno la redioni."

Nataka mlishike hilo, maana ndiyo mada yenyewe. "Ukeketaji" ni Kiswahili cha semina. Halafu ukilisikiliza, linakwaruza: kukeketa ni kukata kwa kitu butu. Hakuna mama duniani atakayekubali kwamba alimfanyia mwanawe hivyo. Kwa Kimaasai, na Kiarusha ni Kimaasai hichohicho, neno ni emurata. Na emurata ni ya wavulana na wasichana pia. Neno ni moja. Kwa hiyo unaposimama kijijini na kipaza sauti ukasema "acheni", wewe unafikiri umetaja wembe. Mzee amesikia umetaja ng'ombe wanaotolewa, nywele zinazonyolewa, rika, jina la mtu kubadilika, mtoto kuhesabiwa mtu mzima. Anaona umekuja kufuta ukoo wake. Kisha mnashangaa mkutano umeisha bila swali hata moja.

Jambo la pili ni enkanyit, heshima. Wale wa mjini msifikiri ni salamu ya kuinamisha kichwa ushikwe utosini, basi. Heshima hiyo inapanga nani aseme nini mbele ya nani. Binti hataji mambo ya mwili wa mwanamke mbele ya rika la baba yake. Mkwe na mama mkwe wana mipaka yao. Mimi kwa dakika mbili nilivunja yote. Hata kama ningekuwa na kifungu kizuri kuliko vyote Tanzania, nilikuwa nimeongea kama mtu asiye na kwao.

Lakini msidanganyike kwamba watu hawa hawaongei. Wanaongea! Wanawake wakiwa peke yao wana nyimbo ambazo nikiwaimbia hapa semina itafungwa. Mahali pa kuongelea papo na watu wa kuongea wapo. Sisi ndio hatujui mlango uko wapi, tunaingilia dirishani na bango la mradi.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana si wazee tu wanaokosea. Hosteli tulikuwa wanne chumba kimoja, kutoka Dar, Tanga, Mbeya na mimi. Wiki ya kwanza tu mmoja akaniuliza huku anacheka, "Wewe si wa Arusha? Vipi, ulipona?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wao. Usiku sikulala.

Yule wa Tanga tulikuja kuwa marafiki sana. Alikuwa amechezwa unyago, ana kungwi wake, na mambo ya ndani ya ndoa kwake ni nyimbo na vicheko, mimi nilikuwa najifunika shuka. Nikafikiri huyu hana mwiko. Siku moja nikamuuliza kuhusu mke mdogo wa baba yake, swali ambalo kwetu hata mtoto anauliza. Hakunisemesha wiki nzima. Basi ndiyo hivyo, kila mtu ana chumba chake anachofunga kwa kufuli, na funguo hazifanani.

Lile swali la hosteli nimeulizwa tena mara nyingi, hata na makamanda wa chama hiki, hata kwenye kifodi kutoka Ngaramtoni. Leo pia kuna mtu hapa analo moyoni. Sitalijibu. Mwili wangu si kielelezo cha mahakamani, na anayenilazimisha nijibu ili anisikilize vizuri hajanisikiliza. Na kama mimi ninayesoma sheria linanichoma hivi, fikiria msichana wa kidato cha pili kutoka Longido anapoulizwa hivyo darasani.

Twende kwenye sheria, nitapita haraka. Tanzania tulipiga marufuku mwaka 1998 kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoingiza kifungu cha 169A kwenye Kanuni ya Adhabu. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Jikoni nilitaja miaka tu, faini sikuitaja. Laki tatu, makamanda. Nenda mnada wa Kisongo uone kama utapata ng'ombe wa maana kwa pesa hiyo. Tena kifungu kinamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Binti wa miaka 19 anayeolewa na kulazimishwa na wakwe, kifungu hicho hakimtaji. Hizi ni hoja za bungeni kabisa, na ni za upinzani, sijui kwa nini hatuzibebi.

Takwimu za taifa zinashuka. Utafiti wa afya wa 1996 ulionyesha asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wa 2015/16 asilimia 10, wa 2022 asilimia 8. Ukisikia hivyo unapiga makofi. Lakini katika ule wa 2015/16 mkoa wetu wa Arusha peke yake ulikuwa na asilimia 41. Na kuna namba iliyonifanya nimkumbuke yule mtoto wa dada yangu: katika utafiti huohuo, zaidi ya theluthi ya waliokeketwa walifanyiwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja.

Hapa niwe mkweli. Si kila mchanga anakeketwa kwa kuogopa polisi. Singida na Dodoma iliwahi kuaminika kwamba maradhi ya watoto waliyoyaita lawalawa yanatibiwa kwa kukeketa, na hiyo ni hadithi ndefu ya kwake. Ila kwetu huku wanawake wenyewe wanakwambia: mtoto mchanga hatasimulia shuleni, hana sherehe, hakuna majirani. Ile ngoma na ule unyoaji tuliokuwa tunaupigia kelele vimeondoka. Wembe umebaki.

Kuna mahali pengine amri iliwahi kugonga mwamba, tena vibaya zaidi. Kenya kuna Meru nyingine. Si Wameru wetu, jina tu limefanana. Mwaka 1956, enzi za Waingereza na vita vya Mau Mau, baraza la wazee wa huko, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, na serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yake. Unajua wasichana walifanya nini? Walikwenda porini, wakakatana wenyewe kwa wembe. Waliitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Ndani ya miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukiuka ile amri. Mabinti wa umri wa wadogo zetu! Hakuna aliyekuwa amewauliza. Wanaume wa baraza na wanaume wa serikali walikaa wakaamua kuhusu miili yao, nao wakajibu kwa miili hiyohiyo.

Nikisoma habari ile naona hasira ninayoijua, hasira ya mtu anayeamriwa. Si ndiyo inayotutoa sisi barabarani? Sasa mzee wa Monduli naye anayo, na ana sababu. Mwishoni mwa miaka ya 60 serikali ilianzisha Operesheni ya kuwavisha Wamaasai nguo. Waliamriwa waache lubega na kujipaka rangi nyekundu, wavae suruali kama "watu wa kisasa". Miaka michache tu tangu Uhuru, tena na serikali yao wenyewe. Kwa hiyo gari la serikali linapofika na ujumbe kuhusu mwili wa Mmaasai, yule mzee hasikii ujumbe kwa mara ya kwanza.

Na ndiyo maana naelewa, ingawa sikubali, nilichoambiwa na kamanda mmoja ninayemheshimu sana. Ilikuwa 2022, Loliondo kuna vurugu za mipaka, watu wa Ngorongoro wanahamishiwa Msomera kule Handeni. Nilikuwa nimeandika makala kuhusu ukeketaji. Akaniambia, "Mdogo wangu, siyo sasa. Wanatafuta sababu ya kusema Wamaasai ni washenzi. Usiwape."

Hoja ile si ya kijinga. Nilikuwa nimeona mitandaoni watu wakisema hivyohivyo, kwamba wahamishwe tu, si wanakeketa watoto hao? Makala yangu sikuitoa. Lakini miaka imepita na ile "sasa" haijafika. Kwanza ilikuwa Loliondo, baadaye uchaguzi, na baada ya uchaguzi kesi. Mtoto anakatwa akiwa na wiki tatu, hana muda wa kusubiri tumalize kesi.

Tena sisi watu wa Mlima Meru tuna mfano wetu. Novemba 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru kama 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi nafasi, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Wameru walichangishana wakamtuma mtu wao, Kirilo Japhet, mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Kura hazikutosha, ardhi haikurudi siku ile. Sote hapa tunajivunia safari hiyo, na huwa tunaitaja kwenye mikutano. Wakili alijua sheria. Kirilo alijua waliochomewa nyumba. Dunia ya wakati ule ilituona washenzi kuliko hii ya leo, na bado alikwenda akafungua mdomo mbele ya wageni, kwa jambo lililowauma watu wake. Mtu wa Engare Nanyuki akilisema jambo la Engare Nanyuki, ni vigumu kumwambia anaitukana. Basi na haya ya wembe yasemwe na mabinti wa Longido, wa Ilkiding'a, wa Akheri, kwa maneno yao. Sisi wa sheria tukae pembeni tukiwa na vifungu. Hiyo ndiyo tofauti na kumwachia mtu wa nje aje kuandika kuhusu "Wamaasai".

Najua hofu kubwa ya ukumbi huu ni kura. Semeni ukweli. Mgombea udiwani anapita boma kwa boma anaongea maji, barabara, mifugo, kila kitu. Akifika hapo anaruka. CCM wanaruka, sisi tunaruka, hapo tu ndipo tumeungana. Tunasema wanawake ndio wapiga kura wetu wakubwa, lakini tunakwenda kuwaombea kura kwa waume zao na kwa malaigwanani. Kuna kata humu tumejuana na ngariba kwa jina na tunampa kiti cha mbele kwenye mkutano. Msinikazie macho, mnajua ni wapi.

Nilichojaribu tangu lile kosa ni kidogo, wala si mradi. Nikienda kijijini sianzi na neno la redioni. Nakaa na wanawake wa rika langu, si wakubwa, na nauliza, wewe ulizaa salama? Basi. Utashangaa wanakokupeleka wenyewe. Mmoja alinisimulia uzazi wa siku mbili, kovu likachanika, damu, pikipiki usiku mpaka hospitali. Hakulitaja lile neno hata mara moja, na alikuwa anaongelea hilohilo tangu mwanzo. Mwishoni akaniuliza mwenyewe, "Eti ninyi wa mjini, binti yako utamfanyaje?" Siku hiyo ningeweza kutaja 169A na angenisikiliza. Sikuitaja, kwa sababu alikuwa bado analia.

Nakosea bado. Mwaka jana, kwa Wameru upande wa mama, nilifikiri mambo ni yaleyale nikaanza na uzazi, mama mmoja akanijia juu: "Sisi tulishaacha, Kanisa lilitufundisha zamani, unatuchanganya na Waarusha?" Nikaomba radhi. Kijana mmoja wa kiume naye alitaka kunisaidia kwenye kikao cha wanaume, akaanza na utani ule wa hosteli. Alifukuzwa, na mimi nilifukuzwa naye.

Nimalizie na habari ya nyumbani, kisha mniulize maswali, magumu yakiwemo.

Dada yangu ana mimba nyingine. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu usiku. Hatukuwa tumeongea vizuri tangu ile Krismasi. Aliongea mvua, akaongea maharage, kisha akauliza, kama vile anauliza bei ya kitu, "Hivi ile sheria yako, wakimkamata mama mkwe, wanamfunga kweli?" Nikamwambia kweli: miaka mitano hadi kumi na tano, au faini, na wewe pia wanaweza kukuunganisha. Kimya. Nikafikiri nimeharibu tena. Nikasikia mlango wa kwao unafungwa, akashusha sauti.

"Krismasi utakuja?"

Nikamwambia nakuja. Akasema nije mapema, kabla ya mama mkwe hajafika, tumenye ndizi.